Nepi za Kufua, Nani Anafua?

Kiswahili hakipendi kitenzi kisicho na mwenyewe. Ukitaka kusimulia kazi ya kufua huna budi kusema ninafua, anafua, wanafua. Mtendaji anabandikwa mbele ya tendo lake kama jina kwenye daftari la mahudhurio. Lakini lugha imeacha mlango wa nyuma, nao ni kile kiambishi ku-. Ukisema "nepi za kufua" umeshataja kazi bila kumtaja mfanyakazi. Nadhani swali zima la kimaadili kuhusu nepi za kitambaa limejificha ndani ya silabi hiyo moja.

Wanaozichagua siku hizi wengi wao ni vijana wa mjini, wasomi, na sababu zao ni nzuri. Tuliacha mifuko ya plastiki, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, tukarudi kwenye vikapu kama bibi zetu, na dunia haikuisha. Kwa nini basi mtoto mmoja, kabla hajajua kutembea, atuachie marundo ya plastiki, nyuzi za mbao na chembechembe za kufyonza mkojo ambazo hazitaoza tukiwa hai? Halafu kuna hesabu ya mfuko: paketi ya pampasi inaisha na kununuliwa tena, kitambaa kinabaki na kumngoja mdogo wake. Hapo sina ubishi nao.

Ubishi wangu unaanza pale wanaponunua dazeni mbili za nepi, ndoo yenye mfuniko, pini, na zile chupi za plastiki za kuvalisha juu, wakaorodhesha kila kitu isipokuwa mikono. Swali la nani atafua halijibiwi kwa sababu haliulizwi, na haliulizwi kwa sababu kila mtu nyumbani anajua jibu. Atafua dada.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Tukihesabu 10 tu, mpaka arobaini itakapofika ni nepi 400. Siku za mwanzo kinyesi ni cheusi na kinanata kama lami. Baadaye, kama ananyonya maziwa ya mama tu, kinakuwa cha njano na laini, kinatoka kirahisi kwenye maji. Nepi ya kinyesi husuuzwa kwanza, ikalowekwa, ikafuliwa kwa sabuni, ikasuuzwa tena mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa ndiyo inayomchoma mtoto. Dawa ya kulainisha nguo haifai, inakipaka kitambaa utando kikaacha kunywa maji. Kisha nepi inaanikwa juani. Kisha inapigwa pasi pande zote mbili, kwa kuwa katika sehemu nyingi za nchi zetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake hupenya ngozi na kuota kama jipu. Kisha inakunjwa. Kisha mtoto anakojoa.

Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu hali ya mwanadamu, alitenganisha kazi inayoacha kitu nyuma yake, kama meza au nyumba, na ile isiyoacha chochote kwa sababu matunda yake hutumika papo hapo na yote huanza upya. Sijui kama aliwahi kufua nepi. Lakini kama unataka kumwelewa bila kumsoma, beseni linatosha.

Mtu ataniambia kwamba bibi zetu walifua na hawakufa. Kweli. Kabla neno nepi halijaenea, watoto wa pwani walifungwa winda, na mpaka leo hakuna kitambaa kinachoshinda kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa miaka mpaka maandishi yake hayasomeki. Ni nyepesi, inakauka haraka, inakunjwa pembetatu au kwa upana wowote unaotaka, na kwa kichanga unaweza kuishusha chini ya kitovu ambacho bado hakijadondoka. Ninayempenda akiwa mjamzito nitampa ushauri huo kabla ya mwingine wowote: usitupe kanga kuukuu.

Ila tukimtaja bibi tumtaje na mpango aliokuwa nao. Katika nyumba nyingi mzazi alikaa ndani siku arobaini, na katika siku hizo beseni halikuwa lake. Alikuja mama yake, au shangazi, au wifi. Mmoja anakanda kwa maji ya moto, mwingine anapika uji, mwingine yuko uani na nepi. Hawakulipwa pesa. Walilipwa kwa zamu: leo mimi uani kwako, mwakani wewe uani kwangu. Haki haikukamilika, sitaki kupamba. Wanaume hawakuwamo kwenye zamu hiyo kabisa. Lakini aliyefua alikuwa na haki ya kufuliwa. Hilo ndilo lililokatika tulipohamia kwenye nyumba za kupanga zenye vyumba viwili. Dada wa kazi, msichana aliyeletwa kutoka mkoani, anafua nepi za mtoto wa bosi, na siku yake ikifika hakuna bosi atakayepanda basi kwenda kumfulia.

Nyerere, alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, aliikumbusha nchi methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alitaka kuonyesha kwamba katika jamii ya zamani, kama alivyoiona yeye, kila mtu alikuwa mfanyakazi. Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, saa 12 hata 14 kwa siku, wakati wanaume wao wapo likizo nusu ya maisha. Kichanga ni mgeni wa ajabu: siku ya tatu huwezi kumpa jembe, na jembe lake analibeba mwingine. Kwa bahati siku hiyohiyo ya tatu ndiyo likizo ya baba inapoisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama siku 84, na baba siku 3. Kenya, kwa sheria yao ya 2007, baba alipewa wiki mbili. Kwa hiyo hata serikali ilipokaa kuandika sheria ilikuwa na jibu lake kwa swali letu, na jibu hilo halina ndevu.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Dada analipwa. Tunapojenga nyumba hatukorogi saruji wenyewe, na hakuna anayesema nyumba si yetu; kwa nini nepi ziwe tofauti? Tofauti ni bei. Ukimwongezea fundi chumba kimoja atakuongezea hesabu, na huenda ukaghairi chumba. Dada analipwa kwa mwezi, analala humo humo, na kazi yake haina mpaka ulioandikwa. Ukimwongezea nepi 10 kwa siku, mshahara haubadiliki hata shilingi. Kwa hiyo uamuzi wako wa kuiokoa dunia umekugharimu sifuri. Wema usiomgharimu anayeuamua na unaomchosha asiyeulizwa una jina lake katika msamiati wa Azimio, na jina lenyewe ni unyonyaji. Neno kali kwa beseni la nepi, najua. Lakini litafutie lingine linalofaa zaidi.

Haitoshi kusema basi turudi kwenye pampasi na dhamiri itulie. Pampers ziliingia sokoni Marekani mwaka 1961, kutokana na kazi ya mhandisi Victor Mills na wenzake katika kampuni ya Procter & Gamble, na jina la bidhaa moja likageuka kwetu kuwa jina la kitu chenyewe. Walichouza ni kwamba hakuna atakayefua. Hilo ni kweli mpaka kwenye pipa la taka. Baada ya pipa kuna kijana wa mkokoteni, na baada yake kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu kwenye majalala kama Dandora kule Nairobi na Pugu Kinyamwezi huku Dar es Salaam, wakitafuta chupa na vyuma katikati ya vinyesi vya watoto wasiowajua. Tofauti kati ya kitambaa na pampasi, kwa hesabu ya mikono, ni kwamba mikono ya kwanza unaiona kila asubuhi ikikupa chai. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuchagua kitambaa. Anayeonekana anaweza kuulizwa, akalipwa, akapumzishwa.

Na kwa hesabu ya mazingira jibu halitoki kwenye kitambaa chenyewe. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipima jambo hili, na ripoti yake ya 2008 ilikuta kwamba kwa miaka miwili na nusu ya mtoto mmoja pampasi huzalisha takriban kilo 550 za gesi joto, na nepi za kitambaa takriban 570. Karibu sawa! Lakini anayefua mzigo uliojaa, akaanika kwenye kamba na kumvalisha mtoto wa pili nepi zilezile, angeweza kupunguza kiasi cha asilimia 40. Jua letu linafanya kazi hiyo bure. Tatizo ni kwamba katika hesabu ya Waingereza umo umeme na imo sabuni. Mikono haimo, kwa kuwa kwao inayofua ni mashine. Tukiichukua hesabu hiyo na kuileta huku bila kuongeza safu ya mikono, tutapata ushindi mkubwa wa kijani kwa mgongo wa mtu mmoja aliyeinama.

Sasa, anayeanza afanye nini? Asinunue dazeni mbili. Anunue sita, azifue mara kadhaa kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu pamba mpya hainywi maji vizuri, na achane kanga mbili. Kisha baba na mama wazifue wenyewe wiki ya kwanza, au tuseme baba, kwa kuwa mama ana mshono au ana maziwa yanayovuja au ana usingizi wa siku nne. Nimezifua, na ninaweza kusema kwamba harufu unaizoea siku ya pili, mgongo hauzoei. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa nzuri: maji bado yanatoka bombani, na kamba ya uani haijajaa nguo za wapangaji wengine. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama mama watoto anaumwa.

Wiki hiyo ikiisha, kama bado mnataka dada afue, mtakaa naye mezani mkijua mnachomwomba. Nepi ngapi kwa siku, nani anafua za usiku, Jumapili ni ya nani, na ni shilingi ngapi juu ya mshahara. Akisema hataki, hilo nalo ni jibu, na nepi zitabaki kuwa zenu. Usiku na mwisho wa juma mnaweza kutumia pampasi. Mtoto aliyevaa kitambaa nusu ya siku amepunguza nusu ya taka. Na masika yakianza, nepi zikakaa kambani siku mbili bila kukauka na umeme wa pasi umekatika, nunueni paketi mpaka jua lirudi.