Je, Tovuti ya Asiyelipa Izimwe?

Kasumbalesa hakipiti kitu kabla ya kulipiwa. Malori yanayotoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi na shehena za shaba na kobalti, na yale yanayopanda kutoka Dar es Salaam na Durban na mafuta, salfa na unga, hupanga foleni ya kilomita nyingi kwenye mpaka wa Kongo na Zambia. Karatasi zisipokamilika forodhani, lori halisogei, hata kama dereva ameshamaliza akiba yake ya chakula. Serikali zenyewe hutumia njia hiyo hiyo. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku chache, katika mzozo uliofuata hatua ya Kongo kupiga marufuku bia na vinywaji baridi kutoka nje. Februari 2025 Kongo, ambayo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, ilisimamisha kuiuza nje ili bei iliyoanguka ipate kuinuka. Watu wa mji huu hawahitaji kufundishwa nguvu ya kuzuia.

Kijana anayejitegemea kwa kutengeneza tovuti, akitafuta wateja mahali kama hapo, ataanza na mawakala wa forodha. Tuchukue hali moja ya kawaida. Wakala anataka ukurasa wenye huduma zake, namba za simu, fomu ya kuulizia bei, na barua pepe zenye jina la ofisi. Wanapatana dola 400, nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha. Wakala hana kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, kwa hiyo mbunifu anasajili jina la tovuti kwa kadi yake mwenyewe na, kwa kuwa fomu inataka mwenye kadi, kwa jina lake mwenyewe. Hata nafasi kwenye seva anaikodi hivyo hivyo. Baada ya wiki chache tovuti iko hewani na simu za wateja zinaanza kuingia.

Nusu ya pili haiji. Kwanza kontena halijatoka. Kisha mkubwa amesafiri Lubumbashi. Kisha zinakuja wiki za ujumbe uliosomwa usiojibiwa. Mbunifu amekaa na kompyuta yake, na nywila zote anazo yeye. Akifungua ukurasa wa usajili na kubadilisha anwani ya seva, katika muda wa saa chache tovuti itatoweka na barua pepe zote za ofisi zitaanza kurudi kwa waliozituma. Ipo hata programu ndogo iliyowahi kusambazwa bure na mtengenezaji mmoja wa tovuti, ambayo hufifisha ukurasa wa mdeni kidogo kidogo kila siku, mpaka usionekane kabisa. Ana uwezo. Je, ana haki?

Ili kuona uzito wa swali hili Katanga, eneo la migodi ulimo mji wa Kasumbalesa, inafaa kukumbuka kazi ilikuwa nini huko. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa vizazi kadhaa kampuni hiyo ya madini ndiyo iliyotoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ilirithi madini pamoja na ubaba huo. Ilipoporomoka katika miaka ya 1990, wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya 10,000 kati yao waliachishwa kwa jina la kuondoka kwa hiari, na wengi waliendelea kwa miaka kudai kwamba walichopewa kilikuwa pungufu ya haki yao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kuhusu familia hizo kama watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Mchimbaji wa enzi hizo hakuwa na cha kushikilia. Shaba aliyoichimba ilikuwa imeshayeyushwa, imepakiwa, imevuka mpaka. Mjukuu wake anayetengeneza tovuti huenda ni wa kwanza katika ukoo kudai ujira akiwa bado ameshika kitu ambacho mdeni anakihitaji kila siku. Anayemwambia asikitumie kitu hicho sharti awe na sababu nzito, si mawaidha ya subira.

Sababu ya kwanza inapatikana katika sura moja ya Torati, ya 24 katika Kumbukumbu la Torati. Humo tajiri anaamriwa amlipe kibarua siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Lakini sura hiyo hiyo, aya chache kabla, inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa anayelichukua anachukua uhai wa mtu. Inamkataza pia kuingia nyumbani kwa mdeni kujichukulia rehani: asimame nje, aletewe. Aliyeandika sheria hiyo alimtetea anayedai kwa nguvu zote, kisha akaweka kitu kimoja ambacho dai lolote, hata la haki, haliwezi kukigusa.

Wanasheria wa Kiislamu walilifikisha jambo hili hadi kwenye karakana. Katika al-Hidaya, kitabu cha madhehebu ya Hanafi kilichoandikwa na Burhanuddin al-Marghinani aliyefariki mwaka 1197, fundi ambaye kazi yake inabaki ndani ya kitu, kama mtia rangi nguo, anaruhusiwa kukizuia kitu hicho mpaka alipwe. Hamali na mwenye mashua hawaruhusiwi, maana kazi yao haikuacha alama ndani ya mzigo. Na hata mtia rangi haki yake ipo nguo ikiwa ingali mkononi mwake. Akishaikabidhi, anabaki na deni la kudai kama wadai wengine.

Mbunifu wa tovuti ni yupi kati ya hao? Kwa siku zile anazopanga kurasa, kuchagua rangi na kusahihisha fomu isiyotuma ujumbe, yeye ni mtia rangi kamili. Kazi yake imo ndani ya kitu na kitu kimo mkononi mwake. Akikataa kukiweka hewani kabla ya malipo ya mwisho, hakuna aliyedhulumiwa. Sheria ya leo inafuata mkondo huo: Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, na sheria ya pamoja ya jumuiya hiyo kuhusu dhamana inatambua haki ya mdai kushikilia mali ya mdeni aliyonayo kihalali mpaka alipwe. Tovuti ikishakuwa hewani, mambo yanabadilika. Nguo imeshavaliwa. Mbunifu aliyebaki na nywila hakubaki nazo kwa kuwa hajakabidhi kazi, bali kwa kuwa mteja hakuwa na kadi. Alipewa amana.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu aliyeshika amana naye amedhulumiwa. Katika Uislamu yapo mafundisho yanayovuta pande mbili. Moja linamwagiza Muislamu arudishe amana kwa aliyempa, wala asimhaini hata aliyemhaini yeye. Jingine ni kisa cha Hind binti Utba, kilichopokewa na Bukhari na Muslim: alimlalamikia Mtume kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili na hampi matumizi ya kutosha, akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe, bila ya mume kujua, kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa kadiri ya kawaida. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa mwambao wote kutoka Lamu hadi Kilwa na hata Komoro, ndiyo yaliyoupanua zaidi mlango huo kwa mtu anayenyimwa haki yake na asiye na njia nyingine ya kuipata.

Na mbunifu wa Kasumbalesa njia nyingine hana, au anayo ya jina tu. Mahakama ya biashara iko Lubumbashi, kilomita kama 90. Nauli, wakili na siku za kuahirishiwa kesi zitameza dola 200 kabla hakimu hajamwita. Kwa nini basi asifanye kama Hind?

Kwa sababu ya kipimo. Hind aliruhusiwa kuchukua kiasi, na kiasi kilikuwa chake. Anayezima tovuti hachukui dola 200. Hachukui hata senti. Anasababisha hasara asiyoweza kuipima wala kuizuia isiwafikie wengine. Dereva wa Kitanzania aliyekwama upande wa Zambia, kule Chililabombwe, anayetafuta namba ya wakala ili karatasi zake zisogee, hana deni na mtu, lakini atalala siku mbili zaidi ndani ya kabini. Karani wa ofisi aliyetumiwa ankara kwa barua pepe ataonekana mzembe. Foleni ya forodha ina ukatili wake mwingi, lakini angalau ina risiti, ina kiwango kilichoandikwa, na juu ya afisa yuko mwingine wa kulalamikiwa. Mbunifu usiku mbele ya kioo cha kompyuta yake ni mdai, shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu, wote kwa pamoja.

Katanga yenyewe iliwahi kuchangia fikra hii ya kipimo. Mwaka 1945, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilichapishwa kwa Kifaransa kitabu cha padri Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu. Alieleza kwamba kwa Waluba aliowafahamu, fidia haikupimwa kwa bei ya kitu kilichopotea, bali kwa upungufu wa uhai uliompata mwenye kitu. Kitabu kilipingwa sana, na mshairi Aimé Césaire mwaka 1950 alimshambulia Tempels kwa hasira: mzungu anawasifia watu utu wao na falsafa yao ili wasiulize kuhusu mshahara, nyumba na chakula. Césaire alikuwa na haki. Ujira ni ujira, na anayeuchelewesha akitoa heshima tupu badala yake anaiba. Ila hoja ya Tempels kuhusu kipimo bado inauma kwa pande zote mbili hapa. Wakala anayesema alinyima dola 200 tu hajui kwamba zilikuwa kodi ya chumba na unga wa mwezi wa bukari, yaani ugali. Mbunifu anayesema alizima ukurasa tu hajui alichokizima.

Kwa hiyo jibu la makala haya ni hapana kwa tovuti iliyokwisha kabidhiwa, isipokuwa pande zote zilikubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba huduma itasimama baada ya siku kadhaa za onyo. Makubaliano ya namna hiyo hugeuza kisasi kuwa rehani halali, yenye kikomo na tarehe. Jiji la New York liliona umuhimu wa maandishi: sheria yake iliyoanza Mei 2017 inataka mkataba ulioandikwa kwa kazi ya mtu wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi, na malipo ndani ya siku 30 endapo tarehe haikutajwa. Kasumbalesa hata ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na pande mbili ungebadilisha mazungumzo mengi. Na awamu ya mwisho ilipwe kazi ikiwa bado kwenye anwani ya majaribio, kabla ya umma kuiona. Anayeona aibu kudai hivyo kwa mtu anayefahamiana na mjomba wake atakuja kudai kwa ugomvi.

Linabaki jambo ambalo wabunifu wengi hujificha nyuma yake. Badala ya kuzima, mtu anaweza kukaa kimya mpaka mwaka uishe na jina la tovuti lisilipiwe. Jina la .com likipitisha muda wake huwa na kipindi cha msamaha, kisha siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha linafutwa na mtu yeyote, hata wakala mshindani wa ng'ambo ya barabara, anaweza kulisajili. Mbunifu hana wajibu wa kumlipia mdeni wake mwaka wa pili kutoka mfukoni. Ana wajibu wa kumjulisha tarehe mapema na kumtumia namba ya siri ya kuhamishia jina hilo, hata kama ankara bado haijalipwa. Wapo watakaoona kwamba huko ni kumzawadia mdeni. Lakini usajili wa jina ulitoka katika zile dola 200 za mwanzo, na hizo wakala alizilipa.