"Inawezekana", Imesemwa na Nani?

Wiki hii tuliangalie neno moja tunalolitumia mpaka hatulisikii tena: inawezekana.

Ukisema "naweza", kuna mtu ndani ya hilo neno. Ukisema "inawezekana", mwenyewe hayupo. Ndiyo maana wanasiasa wanalipenda. Mwaka wa 2002 korasi yetu ya kanisani kuhusu mambo yote kuwezekana iligeuzwa wimbo wa kampeni ya NARC, na nchi ikaimba. Wengi walisikia "itakuwa".

Hata sisi wahubiri tunateleza hapo. Juzi ndugu mmoja aliniuliza kama achukue mkopo, ng'ombe wake wawe dhamana, apande waru shamba lote. "Pasta, si kwa Mungu yote yanawezekana?" Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikamuuliza: mbegu unatoa wapi? Baridi ya usiku ikichoma majani je? Na mabroka wakishusha bei siku ya kuvuna, utalipa na nini? Aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa imani. Lakini soma Danieli 3. Wale vijana watatu, tanuri likiwaka, walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, halafu wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Hawakumfunga Mungu kwa neno "anaweza". Kama imani yao ilikuwa na nafasi ya "asipofanya", mkopo wa waru pia uwe nayo.

Sasa geuza neno, kwa sababu upande huu ndio unaniuma zaidi. Kuresoi hii iliona nyumba zikichomwa 1992, ikaona tena baada ya uchaguzi wa 2007. Mpaka leo namsikia mtu ameokoka, amebatizwa, akisema: "Kukaa na wale? Haiwezekani."

Haiwezekani namna gani? Ng'ombe zenu zinakunywa mto mmoja. Maziwa yenu yanabebwa na gari moja. Watoto wenu wako dawati moja, wanakopiana hesabu (hilo tutaliongea siku nyingine). Jambo linalofanyika kila siku mbele ya macho yako, utasemaje haliwezekani?

Unachomaanisha ni "sitaki". Basi sema hivyo. Pengine una sababu, kuna uliyemzika na shamba ambalo hukulirudia, na sitakuambia usahau. Lakini "sitaki" ina mwenyewe, na mwenyewe naweza kumtembelea, tukae, tuombe naye.