Waliomfungia Rosalía Mlango

Rosalía de Castro alizaliwa mwaka 1837 Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Baba yake alikuwa padri, kwa hiyo alipobatizwa aliandikwa kuwa wazazi wake hawajulikani. Miaka ya mwanzo alilelewa kijijini na ndugu wa baba, akakishiba Kigalisia, lugha ya wakulima na wavuvi. Aliyesoma aliandika Kihispania.

Mwaka 1863 akachapisha Cantares gallegos, mashairi yaliyosukwa kutokana na nyimbo za wanakijiji, na watu waliozoea kuchekwa kwa lafudhi yao wakajiona kitabuni. Katika Follas novas, 1880, akawageukia wanawake ambao waume zao wamevuka bahari kutafuta riziki Amerika. Aliwaita wajane wa watu walio hai. Mume hajafa, harudi, na shamba linangoja jembe.

Mwaka uliofuata aliandika makala kwenye gazeti la Madrid kuhusu mila za kwao. Humo akataja kwamba sehemu fulani za pwani, baharia aliyekaa majini muda mrefu akishuka aliweza kukaribishwa hadi kitandani na mwanamke wa nyumba. Hapo pakachimbika! Magazeti ya kwao yakamrukia: ametuanika, ametuvunjia heshima.

Siwalaumu kwa kuumia, maana waliokuwa wakisoma ni watu wa Madrid, ambao tayari waliwadharau. Lakini kama mila hiyo haikuwapo, wangesema haipo na kuleta ushahidi. Badala yake walimshambulia yeye, yule yule aliyewatoa aibu ya lugha yao miaka 18 nyuma.

Akamwandikia mumewe, mwanahistoria Manuel Murguía, kwamba haandiki tena kwa Kigalisia, hata apewe fedha kiasi gani. Hakutania. Kitabu chake cha mwisho, 1884, ni cha Kihispania. Julai 1885 saratani ikamuua huko Padrón, akiwa amewaagiza watoto wake wachome maandishi yote ambayo hayajachapishwa. Wakayachoma.

Miaka sita baadaye mwili wake ulifukuliwa na kupelekwa Santiago kwa maandamano na hotuba nzito. Tangu 1963, kila tarehe 17 Mei, Wagalisia huadhimisha fasihi yao, na tarehe yenyewe imetoka kwenye Cantares gallegos. Mashairi yake ya Kigalisia yamo katika vitabu viwili tu. Alipoapa kuiacha lugha hiyo alikuwa na miaka 44.