Chuo cha Nani, Mafanikio ya Nani?

Mzazi wa Mabamba, kata ya wilaya ya Kibondo iliyo mpakani na Burundi, anapouza magunia ya maharage ili mwanawe aende chuo kikuu, amekwisha kutoa hukumu: njia ya maisha mema inapita chuoni. Jirani yake humwonyesha kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda. Kila mmoja ana ushahidi wake, ndiyo maana ubishi wao hauishi.

Hoja ya jirani ni nyepesi kuithibitisha. Shaaban Robert alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926, akawa karani wa serikali; chuo kikuu hakukisoma. Leo kuna watu waliopata shahada kwa kuchambua vitabu vyake. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa bado kijana mdogo, na unga wake unaliwa nchi nzima. Basi chuo si sharti la mtu kufanikiwa.

Ila mifano hiyo inathibitisha jambo dogo kuliko tunavyodhani. Viwanda vya Bakhresa vinaendeshwa na wahandisi, na hesabu zake zinafungwa na wahasibu. Kadhalika, fundi pikipiki wa Mabamba aweza kujenga nyumba na kusomesha watoto bila cheti chochote. Siku mkewe atakapohitaji kujifungua kwa upasuaji, uhai wake utakuwa mikononi mwa mtu aliyekaa darasani miaka mingi. Elimu hiyo haiokotwi gereji. Fundi hakuhitaji kwenda kuisoma, alihitaji iwepo.

Hapa ndipo maswali mawili yanapochanganywa. Je, kila mtu wa Mabamba lazima aende chuo? Hapana. Je, Mabamba inaweza kustawi pasipo watu wake waliokwenda? Hapana pia. Historia ya Buha, nchi ya Waha ilimo Kibondo, inalijua hilo: enzi za ukoloni nchi hii iligeuzwa chimbuko la vibarua, wanaume wakapelekwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Nguvu ilikuwa yao, mipango ilikuwa ya wengine.

Mtu atauliza: msomi mwenyewe akienda zake asirudi, Mabamba imepata nini? Nyerere aliiona hatari hiyo. Katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alionya juu ya shule inayomtenga kijana na jamii yake. Sidhani kwamba dawa ni kumfunga msomi kijijini. Mhandisi wa barabara aliyeko Dodoma aweza kuifaa Kibondo kuliko aliyerudi kukaa bure. Lakini deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi lina tarakimu na mwisho, na deni la waliouza maharage halina risiti. Asiyeliona deni hilo amepata kazi, hajafanikiwa bado.

Kwa hiyo fundi asihesabiwe kuwa aliyeshindwa, maana hakushindwa. Ila hadithi ya tajiri asiyesoma nayo itumiwe kwa haki. Ni halali kumpa moyo aliyechagua gereji. Kumsimulia hadithi hiyo binti aliyefaulu kidato cha sita, anayetaka udaktari na amekwama kwa kukosa ada, ni kumnyamazisha tu. Huyo hakuchagua, na mji wake umepoteza daktari.