Kiangazambele: Mwanzo Unaobeba Mwisho

Kiangazambele ni mbinu ya kisanaa ambayo kwayo msimulizi hudokeza mapema jambo litakalotokea baadaye. Kidokezo chenyewe huweza kuwa ndoto, kauli ya mganga, jina la mhusika, hali ya hewa au tukio dogo linalopita bila kuzingatiwa. Mbinu hii ina nguvu ya pekee katika riwaya zinazojengwa juu ya visasili, hasa katika kitabu cha kwanza cha mfululizo, ambacho hulazimika kubeba mbegu za vitabu visivyosomwa bado. Ndani yake mna swali la kifalsafa: je, jambo lililodokezwa limekwisha kuamuliwa, au kidokezo hupata maana pale tu tukio linapotimia?

Kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kutenganisha ishara za aina tatu. Ya kwanza ni dalili ya asili. Mkulima wa Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, akiona mawingu mazito mwezi Machi hutarajia masika. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko, hupoa, na kuangusha mvua inayojaza mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Wingu na mvua vinaunganishwa na sababu, wala hapana nia yoyote katikati. Aina ya pili ni utabiri, ambao nguvu yake hutoka katika mamlaka ya anayesema. Aina ya tatu ni kiangazambele chenyewe. Hiki huunganishwa na tukio kwa nia ya mtunzi, anayeujua mwisho na kuamua ni kiasi gani cha mwisho huo kionekane mwanzoni.

Uluguru una mfano mkubwa wa aina ya pili. Masimulizi yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yanamweleza Kolelo kuwa mzimu mwenye umbo la nyoka mkubwa, akaaye pangoni katika milima hiyo. Waluguru, Wazaramo na Wakutu walimpelekea maombi ya mvua na rutuba. Mwaka 1905, wakati kodi na kazi za kulazimishwa za utawala wa Kijerumani zilipowachosha watu, habari zilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza kulipa kodi kwa wageni hao, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Bondeni mwa Rufiji, huko Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale naye alikuwa akigawa maji ya dawa ya kukinga risasi. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilianza Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti. Risasi hazikugeuka maji, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1907 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa.

Kwa kipimo cha dalili ya asili, utabiri huo ulishindwa. Lakini haukuishia hapo. Mwaka 1955, katika milima ileile ya Kolelo, wakulima wa Uluguru walikataa amri ya serikali ya Waingereza ya kuchimba matuta ya ngazi, na ghasia za Matombo mwezi Julai zikachangia amri hiyo kuachwa. Mwaka 1956 Julius Nyerere aliitaja Maji Maji katika Umoja wa Mataifa alipoeleza madai ya Watanganyika ya kujitawala. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, matukio ya 1905 yalisomwa kama mwanzo wa safari iliyofika. Hakuna kilichobadilika katika matukio yenyewe. Kilichobadilika ni mahali alipo msomaji. Hivyo historia haina viangazambele ila vile inavyopewa na watu wanaoitazama kutoka upande wa mwisho.

Katika sanaa hali ni tofauti, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inaonyesha tofauti hiyo kwa kutumia habari zilezile. Kinjeketile wa jukwaani anatoka mtoni akiwa amepagawa na mzimu wa Hongo, akitabiri ushindi. Lakini humohumo anatamka kwamba watu wake watakuwa wana wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Kitunda, mhusika mwenzake, anapolishika neno hilo, Kinjeketile mwenyewe anatambua kwamba haelewi alichokisema: itawezekanaje watu watoke katika utumwa mmoja waingie mwingine? Kuanzia hapo shaka imeingia, na mtazamaji anasikia kila sifa ya maji kwa masikio mawili. Hussein aliandika akiyajua ya 1905 na ya 1961, na ndiyo maana aliweza kuupanda ufa ndani ya utabiri wenyewe.

Je, mwisho unaojulikana humwondolea mhusika hiari? Aristotle aliuliza jambo hili kwa mfano wa vita vya baharini: ikiwa kauli kwamba kesho kutakuwa na vita ni kweli leo, basi vita hivyo haviepukiki. Wengi wanalielewa jibu lake hivi: kauli kuhusu mambo yajayo yanayoweza kuwa au kutokuwa bado haina ukweli uliokamilika. Utendi wa Fumo Liyongo unatoa mwanga mwingine. Siri ya sindano ya shaba itakayomuua shujaa inajulikana na hadhira kabla haijafanya kazi, na Liyongo anahisi hila katika swali la mwanawe kuhusu kinachoweza kumuua. Hata hivyo anajibu. Kujua kwa hadhira hakumsukumi kusema. Kunaifanya hadhira imtazame anavyochagua, na uchaguzi huo unakuwa mzito zaidi.

Kitabu cha kwanza cha mfululizo huongeza ugumu, kwa kuwa mwisho wake ni mwanzo wa kingine. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alitumia visasili na safari ya msimulizi anayetafuta ukweli katika ulimwengu usiofuata mantiki ya kawaida. Suala la mkombozi anayetarajiwa linaachwa wazi katika Nagona, nalo linarudi katika Mzingile likiwa na uzito mpya. Anayerudia kusoma kitabu cha kwanza baada ya cha pili hukuta maneno ni yaleyale, ila sasa yanasema zaidi.

Kutokana na mifano hii vinapatikana vipimo vitatu. Kwanza, kidokezo kiwe na kazi kamili mahali kinapotokea. Kisichomsaidia msomaji wa mara ya kwanza huonekana mara moja kuwa mtego. Pili, kiwe na maana zaidi ya moja, kama neno la Seyyid Said, ili wahusika waweze kukosea kwa haki. Tatu, utimilifu wake upite katika matendo ya watu, usishuke juu yao kwa kuwa tu umeandikwa.

Kwa hiyo kiangazambele si utabiri uliofichwa. Utabiri huomba kuaminiwa kabla ya tukio, na kosa lake hulipwa kwa maisha ya watu, kama ilivyotokea mwaka 1905. Kiangazambele huomba kukumbukwa baada ya tukio, na kinamwachia mhusika hiari yake yote. Mwandishi atakayelichukua pango la Kolelo kuwa mwanzo wa mfululizo wa riwaya anapaswa kuanza na tofauti hiyo: mzimu na useme, lakini watu ndio waamue.