Droni Ikianguka, Nani Ajibu?

Katika vilima vya Umatumbi, huko Kipatimu, mkulima achomaye shamba hajiwashii moto ovyo. Kwanza hufyeka ukingo, huutazama upepo, na kuwaarifu jirani zake. Moto ukivuka ukala ghala la mwingine, hakuna atakayemkubali akisema, "Upepo ndio uliofanya." Torati nayo yamwagiza aliyewasha moto alipe. Basi, na tuipime kwa kipimo hicho kazi mpya ya siku hizi, yaani kurusha droni, ndege ndogo ambayo rubani wake husimama chini.

Faida yake si haba. Katika majaribio ya mwaka 2018 droni ilichukua dawa kutoka Mwanza hata kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Aijuaye njia ya vilimani wakati wa masika ataelewa upesi jinsi kazi ya namna hii ingewafaa wagonjwa.

Lakini droni hubeba moto tumboni. Betri yake ya lithiamu hukusanya nguvu nyingi mahali padogo. Ikitobolewa, au ikijazwa kupita kipimo chake, yaweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Ikivimba, ni dalili ya kuharibika. Tena ikiishiwa nguvu angani, droni ya mapanga huanguka kama jiwe. Hata betri iliyoanguka bila kuwaka yaweza kuwaka baadaye. Kwa hiyo yafaa iwekwe nje juu ya mchanga, mbali na nyumba za makuti.

Je, ikimwangukia mtoto, nani ajibu? Pengine rubani atasema kwamba kosa ni la mtengenezaji, na huenda asema kweli. Mwezi wa Novemba 2016 kampuni ya GoPro ya Marekani iliagiza droni zake za Karma zipatazo 2,500 zirudishwe, kwa sababu baadhi zilikatika umeme zikiwa angani. Ikaonekana kwamba kifungo cha kushikia betri hakikuwa imara. Rubani asiyeweza kuujua udhaifu ule hakuwa mzembe. Walakini aliyeirusha tena baada ya kusikia tangazo, aliirusha akijua. Hapo ndipo ulipo mpaka: hatudaiwi tusiyoweza kuyajua, bali twadaiwa yale tuliyoweza kuyapima tukaacha.

Liko swali gumu zaidi. Betri imevimba kidogo, mpya ni ghali, mkubwa wa kazi ahimiza, na mgonjwa angoja dawa. Je, huruma haimruhusu rubani kurusha? Nasema haimruhusu. Mama apaliliaye chini ya njia ya droni hakuulizwa, wala hatuna haki ya kuilipia huruma yetu kwa uhai wake. Huruma ya kweli huanza jana yake: betri ya akiba imepimwa, na mtu wa pikipiki yu tayari kama droni haifai. Naye mkubwa aliyehimiza hana budi kuishiriki lawama, maana aliyempa mwenzake kijinga cha moto na kumwambia, "Washa," naye amewasha. Lakini lawama yake haimwondolei rubani lawama, kwa kuwa droni haikuruka ila kwa mkono wake.

Tena chombo kikianguka, rubani asifiche, hata kama hakuumia mtu. Afichaye anguko la kwanza amejitwika na la pili.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni lazima, lakini kibali hakiipimi betri asubuhi. Basi, wazazi na walimu wenye vijana wanaojifunza kazi hii, wafundisheni kupima, na pamoja na hayo wafundisheni kusema mbele ya mkubwa bila kuona haya, "Leo sirushi."