Jarida Lilikufa, Glasi Ikabaki

Ndugu msomaji, hebu tuulizane swali moja ambalo sisi tunaojifunza kuandika hatupendi kuulizwa. Ungependa kibaki nini baada yako: jina lako, au kitu ulichokifanya? Usinijibu haraka haraka kwamba vyote viwili. Mara nyingi dunia haimpi mtu vyote viwili.

Mfano wangu unatoka mahali ambapo wengi hawatautafuta: kwenye kokteli.

Mwaka 1927 Mmarekani mmoja, Erskine Gwynne, alianzisha jarida la kila mwezi mjini Paris. Aliliita Boulevardier, neno la Kifaransa lenye maana ya mtu wa mjini, mpenda kutembea na kuonekana kwenye barabara kubwa. Kwao Marekani pombe ilikuwa marufuku tangu 1920, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1933. Basi Wamarekani waliokuwa Paris walikunywa kwa niaba ya ndugu zao, na baa mojawapo waliyoipenda ilikuwa ya Harry MacElhone, mtaa wa Daunou. Mwaka huohuo wa 1927 Harry alitoa kitabu, Barflies and Cocktails, na ndani yake kikatajwa kinywaji cha Gwynne chenye jina la jarida lake: theluthi moja wiski ya Kimarekani iitwayo bourbon, theluthi Campari, theluthi vermouth ya Italia. Maneno machache tu, kwisha.

Kufikia 1932 jarida lilikuwa limekufa. Kinywaji kipo mpaka leo. Ingia baa ya maana New York au London, taja jina hilo. Utaletewa glasi, hakuna atakayekuletea jarida.

Mimi nilikutana nacho nyumbani. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mhudumu wa baa katika hoteli moja hapa mjini. Jumapili moja alikuja na chupa tatu alizozinunua moja moja kwa bakshishi zake. Ya kwanza bourbon, wiski ambayo kwa sheria ya kwao lazima walau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Ya pili Campari, nyekundu kama damu na chungu kama dawa ya mitishamba. Ya tatu vermouth, divai tamu iliyotiwa mitishamba. Akapima mililita 45 za wiski, 30 za Campari, 30 za vermouth, akamimina kwenye jagi lenye barafu, akaanza kukoroga kwa kijiko kirefu, polepole. Nikamwambia avitikise, kama kwenye sinema.

"Wee dogo, acha," akasema. "Kutikisa ni kwa vinywaji vyenye juisi. Hiki ukikitikisa kitajaa mapovu, kitapoteza ule mng'aro. Unakoroga, barafu inatoa baridi na maji kidogo. Na hayo maji ni sehemu ya kinywaji. Yakipungua kinakuunguza, yakizidi umekunywa suuza ya glasi."

Baada ya kama nusu dakika akachuja kwenye glasi yenye barafu mpya, akaminya ganda la chungwa juu yake, akanipa. Utamu ulifika kwanza, uchungu ukaja nyuma yake, tena haukuwa na haraka ya kuondoka.

"Kaka, huyu Boulevardier alikuwa nani?"

"Nani tena? Si jina la kinywaji tu!"

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Mtu anahangaika miaka kadhaa na waandishi, wachapaji na madeni ya karatasi, halafu anayekoroga kinywaji chake kila usiku hajui hata kwamba lilikuwapo jarida. Je, Gwynne alipata hasara?

Tazama vipimo. Kitabuni ni theluthi tatu sawasawa. Kaka yangu aliongeza wiski, na ndivyo wanavyofanya wengi siku hizi. Mikono ya watu imekibadili, na kwa kubadilika hivyo kimeishi. Hadithi za sungura alizotusimulia bibi nazo hazina jina la mtunzi, na kila bibi ameongeza chumvi yake. Kama dini au hiari yako haikuruhusu pombe, hujakosa kitu hapa. Weka hadithi hizo mahali pa glasi, hoja ni ileile.

Mtu ataniambia: wewe unawatetea wezi wa kazi za watu! Hapana jamani. Anayefuta jina la mwenzake ni mwizi, awe mchapishaji au rafiki. Lakini tazama Harry alichofanya. Kinywaji kiliuzwa kwenye baa yake, kitabu ni chake, bado jina la Gwynne likaandikwa. Bila hilo leo tusingejua lolote. Kulitaja jina la mtu ni deni la wengine kwake. Deni lake yeye ni kukifanya kitu kiwe chema. Mambo huharibika pale kila mmoja anapoacha deni lake na kukimbilia kujilipa la wenzake.

Nayaona hayo kwenye kikundi chetu. Tulikuwa vijana watano, tukaandika mchezo wa kuigiza miezi saba. Kikatuvunja kitu kimoja: jina la nani litangulie kwenye jalada. Watu hawasalimiani sasa. Na mchezo wenyewe, ambao sehemu yake ya pili ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika peke yangu, hajauona mtu hata mmoja.

Daftari ninalo mimi, kurasa 41, jalada tupu. Nimewaandikia wote wanne nikiwaomba tuuigize kwanza, tena waje na kalamu. Kila mmoja ataandika juu ya jalada jina la mwenzake, si lake.